Fundi Aliyezuia Jua

Kabla hajamsalimia mwenye nyumba, Fundi alikuwa anaweka kiganja kwenye kioo cha dirisha. Alikiacha pale kwa muda, uso ameugeuzia pembeni, halafu ndipo aligeuka na kusema shikamoo au hujambo, kutegemea aliyesimama mbele yake. Watu wengi walimwona hana adabu. Mimi nilipanga chumba kwenye uwanja wake miaka minne nikisomea uuguzi, nikaendelea kumjua miaka mingi baada ya hapo, na sidhani kama ilikuwa kukosa adabu. Maneno ya mwanzo yalimchosha. Alitaka kwanza kujua kama kioo kina homa, ndivyo alivyosema, halafu habari za watoto na za mvua zifuate.

Mtaani kwetu Utemini mafundi walikuwa wengi, wa magari, wa cherehani, wa simu. Lakini mtu akisema amemwita Fundi, bila kuongeza neno, tulijua ni yule mama mrefu wa tinti. Kazi yake ilikuwa kuzuia joto lisiingie ndani ya nyumba. Alibandika kwenye madirisha zile karatasi nyembamba za plastiki zinazorudisha jua lilikotoka, na vioo vya juu ambavyo karatasi haishiki vizuri alivipaka dawa ya maji. Miezi ya kiangazi alipaka mabati rangi nyeupe. Alifanya ofisi, maduka, nyumba za wageni, misikiti na makanisa. Vifaa vyake viliingia vyote kwenye ndoo moja: chupa ya kupulizia maji ya sabuni, mpira wa kusukumia maji, nyembe, na vitambaa vya pamba vilivyofuliwa mpaka vikalainika.

Adui yake wa kwanza hakuwa jua. Alikuwa vumbi. Upepo wa Singida mnaujua, ukianza saa nne asubuhi haukuachi mpaka jioni, na chembe moja ikiingia chini ya tinti inabaki pale kama kipele mpaka tinti yenyewe izeeke. Kwa hiyo Fundi alianza kazi kunapopambazuka, akamaliza kabla upepo haujaamka. Nimewahi kumwona akibandua karatasi nzima ya dirisha kubwa, ameshaibandika na kuikausha, kwa sababu ya chembe ambayo mimi sikuiona hata aliponionyesha kwa ncha ya wembe. Wakati huohuo uwanja wake mwenyewe ulikuwa na vumbi la kufika kwenye vifundo vya miguu, na sisi wapangaji tukilalamika alituambia ufagio uko nyuma ya choo.

Nyumba yake haikuwa na kioo hata kimoja. Ilikuwa na madirisha ya mbao, ya kufungua nje, na asubuhi aliyafungua ya mashariki na kuyafunga ya magharibi, mchana akabadilisha. Niliwahi kumuuliza kwa nini mtu anayepoza nyumba za wengine hajiwekei hata dirisha moja la kisasa. Alikuwa anachambua mchicha. Akaniambia kwamba wazee walijenga tembe, ukuta mnene wa udongo na paa la udongo, na mchana wa jua kali mtu alilala ndani akajifunika shuka. Halafu akasema, "Siku hizi mnajenga tanuri, mnaweka kioo kikubwa upande wa magharibi, mnaezeka bati, halafu mnaniita mimi." Hakuyasema kwa hasira. Aliyasema kama mtu anayetaja bei ya chumvi, akaendelea na mchicha wake.

Alikuwa na kipande cha kioo alichokizungushia khanga, nusu kimebandikwa tinti, nusu kitupu. Mteja akisitasita, Fundi alimwambia asubiri mpaka saa tisa, jua likiwa limegeukia magharibi. Alikiegemeza kile kioo juani, kisha akaushika mkono wa mteja na kuupitisha nyuma yake, kwanza upande mtupu, halafu upande wenye tinti. Akauliza neno moja tu: "Umesikia?" Sijawahi kuona mtu aliyesema hajasikia. Ndiyo ilikuwa hotuba yake yote ya biashara.

Alichukia giza. Hili watu hawakulielewa, maana kwa wengi tinti ni giza. Mtu anataka nyumba yake iwe nyeusi kama gari la mkubwa. Kuna kanisa moja mjini ambalo viongozi wake walitaka madirisha yote yawe ya bluu iliyokolea. Fundi aliwaambia atabandika ile isiyo na rangi. Wakasisitiza. Yeye akaenda Jumapili, akakaa viti vya nyuma pamoja na bibi wazee, na ibada ilipokwisha akawaendea wale viongozi na kuwauliza kama wamewahi kuona jinsi bibi hawa wanavyosogeza vitabu vya nyimbo karibu na dirisha ili wasome. Wakakubali. Akabandika ile isiyo na rangi. Mpaka leo ukiingia pale saa nane mchana kuna mwanga wa kusomea na hakuna jasho.

Lakini hakuwa mtu wa kushinda kila mara, na aliposhindwa alishindwa vibaya. Mwenye duka mmoja alitaka tinti nyeusi, ya rahisi, kwenye kioo kikubwa cha mbele. Fundi alimweleza kwamba nyeusi ile hairudishi joto, inalinywa, na kioo kikinywa joto katikati huku kingo zimebanwa kwenye fremu, kitapasuka. Mwenye duka akasema yeye ndiye mwenye kioo. Fundi akabandika. Wiki ya tatu, mchana, kioo kikapasuka kutoka kwenye kona mpaka kona. Mwenye duka akaja uwanjani kwetu akifoka mbele ya wapangaji wote. Nilisubiri Fundi amkumbushe alivyomwonya. Hakumkumbusha. Alisema tu, "Mkono wangu ndio uliobandika," na kesho yake akaenda kukibadilisha kile kioo. Jioni nilimuuliza kwa nini hakujitetea. Akasema kuonya si kazi. Kazi ni ile iliyofanyika. Kama hakutaka kipasuke angekataa.

Nisije nikamfanya malaika. Alikuwa mkali kwa wapangaji bila sababu, na aliweza kumnunia mtu wiki mbili kwa kuacha ndoo kisimani. Na alidanganya. Kule Ilongero kulikuwa na mzee aliyekataa binti yake asibandikiwe chochote dirishani, akidai ni mambo ya ushirikina, karatasi gani hiyo inayofukuza jua. Binti alikuwa na mtoto mchanga anayetoka vipele vya joto mwili mzima. Fundi akamwambia mzee, uso mkavu kabisa, kwamba karatasi ile inazuia pia radi. Mzee akakubali papo hapo. Masika yaliyofuata radi ikapiga mti wa jirani, na mzee akapanda bodaboda mpaka Utemini kuja kumshukuru na jogoo mkononi. Fundi alimpokea yule jogoo. Mzee alipoondoka, Fundi alimtazama jogoo, akasema kwamba sasa itabidi mzee yule afe akiamini hivyo, na hilo ni kosa lake.

Nilipomaliza chuo nikapangiwa zahanati ya kijiji kimoja upande wa Sepuka. Nilikuwa muuguzi peke yangu, pamoja na mhudumu mmoja aliyekuja asubuhi na kuondoka mchana. Mwaka wa pili tukapata jengo jipya, na aliyelichora nadhani hajawahi kukaa Singida. Chumba cha kujifungulia kilikuwa na madirisha mawili makubwa ya aluminiamu, yote yanatazama magharibi, na vioo vyake vilifunguka nusu tu. Kuanzia saa nane mchana mama hawezi kulala kile kitanda. Niliwazalisha wanawake kwenye baraza, tumezungushia mashuka, na watoto wachanga niliwaweka kwenye stoo ya zamani kwa sababu ndiyo ilikuwa na ubaridi. Mtoto mmoja alizaliwa mdogo, mchana wa jua kali, akapata homa ambayo haikuwa ugonjwa. Lilikuwa joto tu la chumba. Alipona, lakini siku ile nilimpigia simu Fundi.

Alikuja na ndoo yake kwa basi la asubuhi, akalala kwangu, na kulipopambazuka akaanza. Kabla ya saa nne madirisha yote mawili yalikuwa yamekwisha. Mchana aliniita, akashika mkono wangu, akaupitisha kwenye kioo kama alivyowafanyia wateja. Nilikaa tu kwenye kile kitanda cha kujifungulia na kulia kidogo, kwa uchovu nadhani. Yeye akatoka nje akanipa nafasi. Kuanzia hapo wanawake wakarudi kuzalia ndani.

Mambo ya paneli za sola yalikuja mwaka uliofuata.

Friji yetu ya chanjo ilitumia sola. Paneli zilikuwa zimelazwa juu ya bati, zimebanwa kabisa, hakuna hata nafasi ya kupitisha vidole. Watu wanadhani jua likizidi, sola inafurahi. Si hivyo. Paneli ikipata joto sana inachoka, inatoa umeme kidogo kuliko asubuhi. Zetu zilipata jua juu na joto la bati chini, na mchana wa Oktoba friji ilikuwa inalia kengele yake ya hatari mara kwa mara, wakati mwingine mpaka usiku. Nami niliamka, nikapima, nikaandika, nikaomba Mungu jua lipungue.

Mzaliwa mmoja wa kijiji anayeishi mbali akatuletea msaada: ndoo mbili za dawa ya kupaka juu ya paneli. Maelezo yalisema inarudisha joto na kuruhusu mwanga. Kamati ya zahanati ikafurahi sana, wakapiga picha na ndoo. Mimi nikamwita Fundi aje aipake.

Alifungua ndoo, akachovya kidole, akaisugua ile dawa kati ya vidole vyake muda mrefu. Akasema haijui. Akasema dirisha na paneli ni vitu viwili. Dirisha ukilipunguzia mwanga kidogo halilalamiki, lakini paneli chakula chake ni huo mwanga. Alichotaka yeye ni kuzinyanyua paneli, tuzitengenezee fremu ya chuma, zikae shubiri moja juu ya bati, upepo upite chini yake. Alisema upepo upo bure, na Singida haujawahi kutuishia. Kamati wakamwambia fremu itachukua muda, na msaada wa mtu haukataliwi. Yeye akafunga kifuniko cha ndoo, na najua angeondoka.

Mimi ndiye niliyemzuia. Nilimfuata mpaka kwenye kivuli cha jengo, nikamwambia nimechoka. Nilimwambia sijalala vizuri tangu Septemba, kwamba ile kengele naisikia hata ikiwa haijalia. Nikasema, "Mama, paka tu. Nisaidie angalau mwezi huu."

Alinitazama. Mwanamke aliyewakatalia viongozi wa kanisa hakunikatalia mimi. Alipaka paneli moja kwanza, akapima umeme wake kwa mita ya zahanati, akaona umeme umepungua kidogo sana, akadhani dawa ikikauka itatulia. Akapaka zote. Ilikuwa Jumatano. Jioni akapanda basi akarudi mjini.

Dawa ilipokauka haikutulia. Iliganda, ikawa nyeupe kama maji yaliyooshewa mchele, na upepo wa Alhamisi ukabandika vumbi juu yake likashika. Kutoka chini hatukuona kitu. Friji ya aina ile ina barafu pembeni inayoishikilia siku mbili au tatu hata umeme ukiwa hafifu, kwa hiyo Alhamisi na Ijumaa ilisoma vizuri, na mimi niliandika vizuri.

Ijumaa usiku nilizalisha wawili. Jumamosi mmoja, akatoka damu nyingi, nikahangaika naye mpaka gari likapatikana la kumpeleka hospitali. Niliporudi nyumbani nililala. Jumapili nililala tena. Friji ilitakiwa kusomwa asubuhi na jioni kila siku, na mimi siku zile mbili sikuingia kile chumba kabisa. Kama kengele ililia, sikuisikia.

Jumatatu asubuhi ilikuwa kliniki ya watoto. Akina mama walikuwa wameshajipanga. Nikachukua fomu ya joto, nikaona visanduku vinne vitupu, na kabla hata sijafungua friji nikavijaza. Nyuzi tano, nne, tano, tano. Nilifanya hivyo kwa haraka, kama mtu anayefunga kifungo cha shati. Kisha nikaanza kuchanja. Niliposhika chupa mpya baada ya mtoto wa kumi na moja ndipo nilipoitazama ile alama ya kwenye lebo, ambayo hubadilika rangi chanjo ikipata joto. Ilikuwa imebadilika. Nikazitazama nyingine. Zote.

Niliwarudisha akina mama waliobaki. Wengine walikuwa wametembea tangu alfajiri. Nikampigia mratibu wa chanjo, akaja siku hiyohiyo, akasoma fomu yangu na kuona kwamba mpaka Jumapili jioni mambo yalikuwa sawa. Akapanda juu, akaona paneli. Hitimisho lake lilikuwa rahisi: dawa iliyopakwa imeua umeme, friji imeshindwa ghafla usiku wa kuamkia Jumatatu, hakuna ambaye angeweza kufanya lolote. Kama ningeandika ukweli angejua kwamba kuanzia Jumamosi mtu aliyesoma kipimo angeziona nyuzi zinapanda, angehamisha chanjo kwenye sanduku la baridi na kuzipeleka kituo cha afya, ambacho si mbali.

Kijiji kikaitisha mkutano. Fundi alipata habari, akaja bila kuitwa. Alikuta watu wamekasirika, na walikuwa na haki. Mama mmoja alisimama akauliza mtoto wake aliyechomwa sindano isiyo na nguvu ataugua au hataugua, na nani atamjibu. Mwenyekiti akaanza kueleza habari za msaada na nia njema. Fundi akainuka kabla hajaruhusiwa.

"Nimepaka mimi," alisema. "Nilijua sijui ile dawa, nikapaka. Muuguzi wenu hana kosa, asiguswe. Ni mkono huu."

Akauinua mkono wenyewe ili wauone. Mimi nilikuwa nimekaa mbele, karibu na mwenyekiti, nikitazama viatu vyangu. Wengi walisema maneno makali, mmoja akamwita mchawi wa mjini. Alisimama mpaka walipomaliza.

Siku iliyofuata alipanda juu ya bati na siki na maji ya moto, akaanza kuitoa ile dawa kwa kitambaa, kwa sababu wembe ungekwaruza. Ilimchukua siku nne. Vidole vyake vilichubuka mpaka nikamfunga bandeji, naye alizitoa kwa sababu zilimzuia kusikia kioo. Akamwita mchomeleaji wa Sepuka, wakatengeneza fremu, wakanyanyua paneli shubiri moja. Tangu siku ile friji haijalia tena mchana. Ile njia aliyoisema ndiyo iliyofaa.

Watoto kumi tuliwapata tukawachanja upya. Wa kumi na moja alikuwa wa wafugaji waliokuwa wakipita na ng'ombe, na tulipofika walipokuwa wamekaa tulikuta majivu na boma la miiba. Watu walisema wameelekea Itigi. Nilituma ujumbe kwenye zahanati za huko, nikaona nimefanya la kufanya. Fundi hakuona hivyo. Mara mbili alisafiri mwenyewe, kwa basi halafu kwa bodaboda, akaenda mnada mmoja baada ya mwingine akiuliza wafugaji kama wanamjua mama mwenye mtoto wa umri fulani aliyepita upande wetu. Wakamwona kama mwendawazimu. Hakumpata. Kila alipopiga simu, baada ya salamu, aliuliza: "Yule wa kumi na moja vipi?" Nami nilijibu bado.

Hakugusa paneli tena, za mtu yeyote. Hata dawa za vioo aliziacha, akabaki na karatasi tu. Wateja walimsihi, alisema mkono wake umeshakosea mara moja na kosa moja limemtosha. Nilisikia hayo kwa watu. Nilijiambia kwamba lazima anajua nilichofanya. Mtu anayeona chembe ya vumbi chini ya tinti angekosa vipi kuona ile fomu iliyoning'inia kwenye friji, yenye namba zilizonyooka vile? Nilijiaminisha kwamba alijua na akaamua kunifunika, kwa sababu niliwahi kuwa mpangaji wake, kwa sababu kijiji kilihitaji muuguzi. Wazo hilo lilinisaidia kulala. Miaka sita lilinisaidia.

Mwaka jana niliitwa mjini kwenye semina. Siku ya mwisho tulimaliza mapema, nikaenda Utemini. Uwanjani niliambiwa Fundi yuko kazini, kwenye nyumba ya wageni ya mtaa wa pili. Nilishangaa, maana nilisikia macho yamemsumbua. Miaka yote ile ya kutazama vioo vyenye jua bila miwani.

Nilimkuta amekaa kwenye stuli mbele ya dirisha, uso karibu ugusane na kioo, akibandua tinti. Alikuwa ameibandika mwenyewe zamani. Zinazeeka, zinatoka mapovu, zinakuwa na rangi ya chai, na mwenye nyumba anataka mpya. Alikuwa anainua ukingo kwa wembe, anapulizia maji, anavuta taratibu. Ikikatika anaanza upya.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Ni Nesi?" Hakugeuka. "Yule wa kumi na moja vipi?"

Nilisema bado. Nikachukua stuli nyingine na wembe mwingine kwenye ndoo, nikaanza kubandua upande wa pili. Tulifanya kazi hivyo muda mrefu. Alinieleza kwamba daktari amesema jicho la kushoto lifanyiwe upasuaji na la kulia lisubiri, na kwamba siku hizi anaitwa zaidi kutoa kazi zake za zamani kuliko kuweka mpya. Hakusema kwa huzuni. Alisema ni kawaida, kila kilichobandikwa siku moja kitabanduliwa na mtu, afadhali yeye anayejua gundi iliyotumika.

Sijui kwa nini nilisema siku ile. Nilikuwa nimechoka na semina, nimechoka na kujibu bado. Nilimwambia, bila kumtazama, kwamba Jumamosi ile na Jumapili ile sikusoma friji. Nilimwambia kwamba zile namba nilizitunga. Nikaongeza upesi, kama mtu anayejifuta jasho, kwamba najua yeye alikuwa akijua siku zote.

Wembe wake ulisimama.

"Sikujua," alisema.

Nje mtu alipita akisukuma baiskeli yenye magunia ya alizeti. Fundi alisubiri kelele zake ziishe.

"Jumamosi asubuhi ilikuwa inasoma ngapi?"

"Sijui, Mama. Sikuangalia."

"Jumapili?"

"Sijui."

Nilidhani atanifukuza, au atanisamehe, na vyote viwili nilikuwa nimeviandalia uso. Hakufanya hata kimoja. Aliinamisha kichwa, akapapasa ukingo wa tinti kwa kidole.

"Nimekwenda Itigi mara mbili," alisema. "Nilikuwa najiambia, ni mimi peke yangu niliyemfanyia hivi yule mtoto."

Nilisema naomba anisamehe.

"Usiniambie mimi," alisema. "Mimi nilisimama mbele ya watu. Wewe umekuja kunong'ona dirishani." Kisha, kwa sauti yake ya kawaida ya kazi: "Laza huo wembe. Utakwaruza kioo."

Nikaulaza. Tulibandua mpaka dirisha likabaki tupu, na jua la saa kumi likaingia lote mle chumbani, likatupiga usoni. Hakusema tena juu ya jambo lile. Nilipoaga aliitikia, akaniambia nisalimie Sepuka.

Wiki iliyofuata nilimwendea mwenyekiti wa kijiji nikamwomba nafasi kwenye mkutano. Alikuwa anamwagilia vitunguu. Akaniuliza ajenda yangu aiandike vipi. Nikamwambia aandike friji ya chanjo, ile ya mwaka ule. Alinitazama kwa mshangao, akasema lakini Nesi, yale watu wameshayasahau.

Nikamwambia najua. Nikamwomba aandike hivyohivyo.